Wale waliopona Loleza

Mbeya, 14 Juni

Shoga yangu Zuhura,

Za Tanga? Huku tu wazima, ila baridi ya Juni usiiulize. Naandika nimejifunika mablanketi mawili.

Nilikucheka siku ile ulipoketi katikati ya njia ya mlima Loleza unahema, ukisema hewa ya Mbeya imepunjwa. Nisamehe. Mji wenyewe uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na sisi tulikuwa tumeshaupita.

Miaka yote nilikuwa nawafundisha watoto kwamba oksijeni ikipungua, mwili hutengeneza damu zaidi. Basi. Juzi nilipoandaa somo la seli shina nikaona nimeruka utamu wote. Ndani ya uboho wa mifupa, seli shina za damu huzaa vichanga vingi vinavyoelekea kuwa seli nyekundu. Vikifika hatua fulani, vingi hujiua. Haviuawi na mtu: vinajikatakata vipandevipande na kumezwa na seli jirani, kimyakimya, bila hata uvimbe. Kinachovizuia ni homoni ya figo, erithropoietini. Kilichoipata kinaishi. Ukipanda mlima figo huitoa kwa wingi, na vile ambavyo vingekufa bondeni vinapona.

Bibi wa Uyole hufanya hivyohivyo na mahindi. Hutia mbegu tatu kila shimo, kisha hung'oa zilizozidi. Mwaka ambao mashimo mengi hayakuota, hang'oi. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, sasa si hasara hiyo? Nikamwambia afikirie mama aliyetoka damu nyingi kwenye uzazi: vichanga vya damu yake viko njiani tayari, havianzi kutungwa upya.

Lakini lililonikosesha usingizi ni hili. Vimeng'enya vinavyoua, kaspase, ndivyo pia vinavyoisaidia seli iliyopona kukomaa. Kisu kilekile! Kuna protini mlinzi inayosimama ndani ya kiini cha seli, kisu kisije kikakata pasipotakiwa. Na mwishoni seli hiyohiyo inakitupa kiini chake, ikaishi siku kama 120 bila hicho.

Wewe ulikaa siku tatu ukakimbia. Vichanga ulivyoviponya Loleza vilikuja kukomaa ukiwa pwani unakula samaki, havina kazi. Safari ijayo kaa wiki tatu. Na soksi zangu za sufu uje nazo.

Wako,
Neema