Makopo ya Tiana

Mabinti zangu wa mchezo wetu wa kuchanga na kupokezana fedha hapa Houston,

Jumapili wajukuu walinikalisha kwa mara ya tatu mbele ya ile katuni ya Disney ya 2009 ya binti mfalme na chura, ya Tiana, mhudumu wa New Orleans anayetaka kufungua mgahawa wake. Wao wanangoja chura. Mimi namtazama yule binti akirudi kazini hoi, anatumbukiza sarafu za bakshishi kwenye kopo. Mnasema mnampenda kwa kuwa anajituma. Haya, kilichomkwamisha ni uvivu?

Arubuni alikuwa nayo. Wale ndugu wawili waliokuwa wakimuuzia jengo la kiwanda cha zamani cha sukari walimwahidi watasainishana usiku uleule, karamuni. Kufika karamuni, ametokea mtu mwenye fedha taslimu zote, tena wale ndugu wakamchomekea kwamba mwanamke wa asili yake asingeimudu biashara kubwa namna ile. Hapo mimi hununa kabisa. Niliwahi kumkabidhi mwenye fremu mmoja arubuni mkono kwa mkono, bila risiti. Niliporudi Jumatatu nikakuta kufuli jipya.

Tiana mwishowe jengo alilipata, lakini wale ndugu walitolewa jasho na mamba, rafiki yake. Nyie mamba hamna.

Ndiyo maana namfuata zaidi Leah Chase, mpishi wa kweli wa mji uleule, ambaye Tiana alichorwa kwa mfano wake. Hakuanza na kopo chumbani. Aliolewa mwaka 1946 kwenye ukoo wa Dooky Chase, uliokuwa na kiduka cha sandwichi na tiketi za bahati nasibu tangu 1941. Leah alikuwa amehudumu kwenye migahawa ya wazungu, akajua meza inavyotandikwa. Akataka na watu weusi, waliokatazwa kukaa kule, watandikiwe vitambaa. Alipowaletea mapishi ya kule wakayasusa, akarudi kwenye vyakula vya Kikrioli, vya mji ule, walivyovizoea. Gumbo yake, ule mchuzi mzito, aliijua hata akamgombeza Obama kwa kuitia pilipili ya chupa. (Jina gumbo, wanasema, ni bamia kwa lugha za Kibantu za Angola. Basi tuko jikoni kwetu.)

Ghorofani kwake wapigania haki za watu weusi walikula na kupanga mikakati. Ndiyo maana mafuriko ya kimbunga Katrina yalipouingia mgahawa mwaka 2005, watu walichanga. Ulifunguliwa tena 2007, yeye akiwa na miaka zaidi ya themanini, na akaendelea kupika hadi karibu na kifo chake mwaka 2019.

Sasa nasikia wawili wenu wameona fremu ya kuuzia chapati na mandazi, na wanataka kulipa wiki hii. Zamu ya kupokea mwezi huu ni yangu, nawaachia. Ila Jumamosi mje na mkataba wenyewe, kurasa zote, nami nitakuja na miwani yangu.

Bibi yenu