Barua kwa Salum: mshale wangu wa kwanza

Columbus, Ohio
24 Novemba 2024

Salum ndugu yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na sababu ya mgongo utaikuta humu ndani. Ujumbe wako ulinifikia: "Wenzako wanarudi kutoka Marekani na digrii, wewe utarudi na upinde." Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka mama mmoja akahamia kiti cha mbali. Sikukujibu siku ile kwa sababu habari yenyewe haienei kwenye meseji.

Ilianzia kazini. Pale ghalani kuna mzee mmoja wa hapahapa Ohio, dereva wa foklifti, ambaye kila Novemba huchukua likizo ya wiki nzima. Nikamwuliza huwa anakwenda wapi. Akasema kuwinda. Kwenye shamba la nani? "La kwako," akanijibu, akaendelea kutafuna mkate wake. Nilidhani ananifanyia mzaha.

Kumbe alikuwa anasema kweli. Kusini mashariki mwa Columbus, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, karibu na mji mdogo wa Nelsonville, kuna msitu unaoitwa Wayne National Forest. Ni mali ya serikali kuu, na hapa hiyo maana yake ni kwamba yeyote anaingia. Zamani yalikuwa mashamba na machimbo ya makaa ya mawe. Ardhi ikachoka, watu wakahama, na tangu miaka ya 1930 serikali ikawa inanunua kipande hiki na kile na kuiacha miti irudi. Ndiyo maana msitu wenyewe umekaa kama kanzu yenye viraka: hapa pa umma, hatua kumi mbele kwa mtu binafsi. Bila ramani kwenye simu utajikuta umeingia kwenye kiwanja cha watu, na watu wa huku wana bunduki.

Nikasoma somo la usalama wa uwindaji, nikafanya mtihani, nikalipia leseni, kisha kibali cha kulungu. Leseni na kibali nilivinunua kwa simu nikiwa nimelala chali kitandani. Risiti ilipoingia nikakaa kitako, nikaiangalia muda mrefu. Nilikuwa namwaza babu.

Unamkumbuka babu yangu wa Kwa Mtoro? Likizo ile ya kidato cha pili ulipokuja kwetu alikuonyesha podo yake, akakukataza kugusa ncha za mishale kwa sababu ya sumu, ukanawa mikono mara tatu hata kama hukugusa kitu. Mwaka uliofuata alikamatwa. Digidigi mmoja tu, Salum. Alilala ndani siku tatu, tukachanga faini, na aliporudi aliichomeka podo juu kwenye dari la tembe, katikati ya miti na udongo, hakuishusha tena mbele yetu. Najua kisheria kwetu nako kuna leseni ya mwenyeji. Lakini kijijini sikumbuki mtu hata mmoja aliyeishika mkononi. Neno tulilolijua lilikuwa moja tu, ujangili.

Basi mjukuu wa jangili akaenda kununua upinde. Wa mtumba, kwa kijana aliyekuwa anahama mji. Si upinde wa kujikunja kama wa babu. Huu una magurudumu mawili madogo kwenye ncha zake, na ugwe unazunguka humo kama mkanda wa cherehani. Kuuvuta ni kazi, unavuta kama kilo 23, lakini ukifika mwisho magurudumu yanageuka na mkono unabaki umeshika uzito mdogo kama wa kuku wawili. Unaweza kutulia, ukalenga. Babu angeuona angesema hiyo ni mashine, na angekuwa na haki.

Lakini tofauti kubwa iko kwenye mshale. Mshale wa babu kazi yake ilikuwa kupeleka sumu. Ukimkwaruza mnyama popote, ukawa na subira ya kumfuata, atalala. Huku sumu ni marufuku. Kigumba kina wembe mbili au tatu, na mnyama anakufa kwa kuvuja damu, kwa hiyo ni lazima upite kwenye mapafu au moyo. Sehemu yenyewe ni kama sahani ya chakula, nyuma ya bega la mbele. Ukikosea kwa kiganja kimoja umemtesa kiumbe wa Mungu bure. Na asiwe amekutazama, wala kukupa mgongo. Awe ubavu, au ubavu huku kichwa kimeelekea mbali nawe kidogo. Nimefanya mazoezi tangu Juni kwenye uwanja wa shabaha wa jimbo, kila Jumamosi, mpaka mishale mitano nikawa naibandika kwenye sahani kwa mita 18. Kwa mita 30 ilikuwa inatawanyika. Nikajiwekea sheria: zaidi ya mita 18 siachii mshale, hata aje mfalme wa kulungu.

Naandika kulungu kwa kukosa neno. Huyu si ndugu wa swala wala wa kulungu wetu. Dume ana pembe zenye matawi, na kila mwaka zinaanguka zote mbili kisha zinaota upya, jambo ambalo ningemweleza babu angenituma nikalale. Mkia wake kwa chini ni mweupe kama karatasi. Akishtuka anauinua na kuondoka nao unapepea, na hiyo ndiyo sehemu ya kulungu niliyoiona zaidi mwaka huu.

Yule mzee wa foklifti ananiambia kwamba mwaka 1904 hapakuwa na kulungu hata mmoja porini Ohio nzima. Walikuwa wameliwa wakaisha. Wakarudishwa kidogo kidogo miaka ya 1920 na 1930, na mwaka 1943 uwindaji ukaruhusiwa tena katika wilaya tatu tu. Leo wawindaji wa jimbo hili wanachukua zaidi ya 200,000 kwa mwaka na bado wanagongwa na magari barabarani kama mbuzi wa Chalinze. Nilipomwuliza fedha za kuwalinda zinatoka wapi akaonyesha kidole upinde wangu: tangu sheria ya mwaka 1937 bunduki na risasi za uwindaji zinalipiwa kodi maalumu, baadaye pinde nazo zikaingizwa, asilimia 11, na fedha hizo zinarudi kwa wanyamapori. Nikamwambia wangu ni wa mtumba. Akasema basi mimi nimewinda kwa mkopo.

Msimu wa upinde ulifunguliwa mwisho wa Septemba. Mara kumi nilikwenda, mara kumi nikarudi mikono mitupu. Mwenzangu mmoja kazini, Mkongomani wa Bukavu, kila Jumatatu alikuwa ananipokea hivi: "Duka iko hapa karibu, weye unaenda tafuta nyama mu pori?" Sikuwa na jibu.

Mara ya kwanza nilipotea. Mara ya pili nilikaa mahali pazuri sana, na jua lilipotoka nikaona mwenzangu mwingine amekaa mahali pazuri sana hatua arobaini mbele yangu. Tukapungiana mikono, siku ikaishia hapo. Ardhi ya wote ina wote. Kuanzia hapo nikajifunza kutembea mbali na maegesho, nusu saa kupanda kilima kwenye giza, kwa sababu wengi hawapendi kupanda.

Na mwaka huu upande huo wa Ohio umepata ukame ambao wazee wanasema hawakumbuki mfano wake. Majani yaliyoanguka yalikuwa makavu kama chapati iliyosahauliwa juani. Kila hatua, kra! Kindi mmoja akikimbia unadhani ni nyati. Mara ngapi moyo ulinidunda, nikashika upinde, kumbe ni kindi anazika chakula chake.

Lakini aliyenishinda kabisa ni upepo. Nilikuwa nakaa bondeni asubuhi nikidhani nimejificha. Hewa baridi ya asubuhi inateremka kutoka juu ya kilima kama maji, inapita kwako, inabeba harufu yako mpaka chini walipo wao. Jua likipasha joto inageuka, inapanda. Mara tatu nilisikia nyuma yangu mtu anapiga chafya kwa nguvu, phuu! Si mtu. Ni kulungu amenusa, anawatangazia wenzake. Unajua babu alikuwa anafanyaje? Alikuwa anachota vumbi kidogo, analiachia kati ya vidole, anatazama linakoelekea. Nilimwona akifanya hivyo mara mia nikadhani ni mazoea ya mzee. Mwaka 2024, nikiwa na simu inayonionyesha upepo wa dunia nzima, nilikuja kugundua kwamba simu haijui upepo wa bonde moja. Hapa vumbi lilikuwa limefunikwa na majani, nikatumia sufi ya mmea fulani unaoota kando ya barabara. Unaachia unyoya mmoja, unauangalia unavyokwenda. Unakwenda, unasita, unakata kona. Nikahama bonde, nikapanda juu.

Tarehe 9, Jumamosi. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikapanda, nikakaa chini ya mwaloni ulioanguka, upepo ukinipiga usoni. Sheria inaruhusu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Mbele yangu kulikuwa na mialoni mitatu ambayo matunda yake yalikuwa bado yanadondoka, tok, tok, juu ya majani, na kulungu wanayapenda hayo kuliko kitu chochote.

Safari hii hakukuwa na kra. Nilimwona tu, jike, amesimama kana kwamba alikuwepo tangu jana. Alikuja akiinama anakula, anainua kichwa ghafla, anakutazama, anainama tena. Sikupumua. Alipopitisha kichwa nyuma ya mti nikavuta. Mguu wa kushoto ulianza kutetemeka, mguu mmoja tu, kama cherehani. Akatoka, ubavu, hatua kumi na saba nilizokuwa nimezihesabu asubuhi. Nikalia "mee" kwa mdomo asimame. Akasimama. Nikaachia.

Salum, wanashtuka kwa sauti ya ugwe. Mshale haujafika yeye keshaanza kujikunja aruke. Niliuona ukiingia, nyuma kidogo ya pale nilipotaka. Akaruka, akashuka bonde, majani yakapiga kelele, kisha kimya.

Nilipousogelea mshale ulikuwa umesimama ardhini, umepita. Damu ya mapafu huwa nyepesi, ya waridi, ina mapovu. Hii ilikuwa nzito na nyeusi-nyekundu. Ini. Nilikuwa nimesoma kwamba kwa ini usimfuate, utamkurupusha akafie mbali usimpate. Ukae saa tatu, nne. Nikampigia mzee wa foklifti. Akaniambia maneno mawili: kaa chini.

Saa nne zile nisingependa kuzirudia. Nilimwona babu ameketi pembeni yangu na podo yake, ananitazama, hasemi. Yeye alikuwa akingoja sumu ifanye kazi, mimi nangoja kosa langu limalize kazi yake.

Mzee alifika mchana, hakunilaumu. Tukafuata tone moja baada ya jingine, tukiweka vipande vya karatasi ya chooni kila tulipoona damu ili tusipoteze mstari. Mahali pengine tone lilikuwa dogo kama kichwa cha kiberiti, chini ya jani, na yeye alikuwa analiona bila miwani. Tulimkuta mwendo wa mita mia na hamsini, amelala kando ya kijito ambacho maji yake ni rangi ya chungwa kwa sababu ya kutu ya machimbo ya zamani. Alikuwa ameshapoa. Nilimgusa sikio, laini mno, nikashindwa kusema kitu.

Kabla ya kumhamisha niliandika karatasi: jina langu, tarehe, saa, wilaya, nikaifunga sikioni. Nikamtoa matumbo, mzee akinielekeza, kisu mkononi mwangu si mwake. Kisha kumburuta kilima kizima. Huo ndio mgongo niliokutajia. Jioni niliripoti kwa simu, mashine ikanipa namba ndefu ya uthibitisho. Nikaiandika kwenye kiganja kwa kalamu, kama mtoto wa shule.

Uliniuliza ungeruhusiwa kula. Msomali mmoja kazini amenieleza habari ya kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuachia mshale, na kwamba mawindo yakikutwa majini hayaliwi kwa shaka ya kuzama. Huyu alikuwa nchi kavu, hatua mbili kutoka kwenye maji. Ila mimi nilifanya ishara ya msalaba, kwa hiyo kamwulize shehe wako, mimi nisije nikaandikiwa dhambi yako. Nyama yenyewe haina mafuta, nyeusi, karibu na ya digidigi kwa ladha kuliko ng'ombe. Kuiuza ni kosa. Ninyi kule mna mabucha ya nyamapori yaliyoruhusiwa tangu 2020, huku unakula au unagawa. Mkongomani nilimpelekea paja. Jumatatu hii hajasema habari ya duka.

Nina ombi. Ukipita Kwa Mtoro kabla ya Krismasi, ingia kwa baba mdogo, ile tembe bado imesimama upande mmoja. Mwombe atazame juu ya dari, kona ya mashariki, kama podo bado ipo. Asiishushe. Nipigie picha tu, pale ilipo.

Wako,
Daudi