Usimkatalie binti kemia yake

Tanga

Swahiba yangu Salma,

Assalaam aleikum. Natumai hamjambo nyote hapo nyumbani, na mguu wa Bibi umepata nafuu. Huku kwetu wazima, alhamdulillahi.

Ujumbe wako kuhusu binti niliusoma, nikaona si wa kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Umeniuliza mimi kwa kuwa ni mwalimu wa kemia: mtoto amemaliza shahada, kwa nini asitafute kazi ya maabara ya hospitali au kiwandani, anang'ang'ania kuendelea na kemia ya supramolekuli? Unaogopa atazeeka akishughulika na vitu visivyomletea mtu faida. Hofu hiyo naielewa, maana ada ulizilipa wewe kwa jasho lako. Ila kabla hujamkatalia, nisikilize nikusimulie habari za mzee mmoja.

Aliitwa Fraser Stoddart, mwanakemia. Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1942, mtoto wa pekee, akakulia shambani kwa wazazi wake kusikokuwa na umeme. Alipenda sana mchezo wa kuunganisha vipande vya picha, na mwenyewe aliueleza kuwa ulimsaidia katika kazi yake ya baadaye. Akapata udaktari wa kemia 1966, akaenda Canada, akarudi Uingereza kufundisha Sheffield, na mwishoni mwa miaka ya 1970 akaingia kwa muda kwenye maabara ya ICI, kampuni ya kemikali ya Uingereza.

Hapo ndipo pananivutia. ICI walikuwa wakitengeneza paraquati, ile dawa ya kuua magugu ambayo wakulima wetu waliizoea kwa jina la Gramoxone. Molekuli ya paraquati ina chaji chanya mbili. Ikikutana na pete ya molekuli yenye elektroni nyingi, huingia katikati ya pete na kutulia humo, bila kifungo cha kemia kati yao. Zinavutana tu, na ukibadilisha mazingira zinaachana. Basi hiyo supramolekuli anayoisema binti ndiyo hii, elimu ya molekuli zinazoshikana bila kuunganishwa moja kwa moja. Stoddart akaigeuza hesabu: paraquati yenyewe akaifanya pete. Kwa kuwa aliichora kwa rangi ya buluu, ikajulikana kama kisanduku cha buluu. Mwaka 1991 akatangaza pete iliyovishwa kwenye molekuli ndefu, mfano wa shanga kwenye uzi, ikisogea huku na huku kati ya vituo viwili. Kwa kazi ya namna hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2016, pamoja na Jean-Pierre Sauvage na Bernard Feringa.

Najua utasema: sawa, lakini faida iko wapi? Ndiyo nafika.

Mwaka 2010, Stoddart akiwa Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, kundi lake lilichukua sukari iitwayo gama-siklodekstrini. Hutengenezwa kwa kuvunja wanga kwa vimeng'enya, wanga wa kawaida kabisa kama ulio kwenye mahindi, na umbo lake ni pete ya glukosi 8. Wakaiyeyusha kwenye maji pamoja na chumvi ya potasiamu, kisha wakaacha mvuke wa pombe uingie polepole ndani ya chombo. Zikajijenga fuwele zenye umbo la mchemraba. Ndani yake, pete 6 za sukari zinakaa kwenye nyuso 6 za kila kimchemraba, potasiamu imezishikanisha, na katikati pamebaki uwazi. Kabla ya hapo viunzi vya aina hii, yaani fuwele zenye uwazi ndani ambamo metali huzishikanisha molekuli, vilitengenezwa zaidi kwa malighafi za mafuta ya petroli. Hivi vilitokana na vitu unavyoweza kuvila.

Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba kiunzi kingine cha sukari hiyo hiyo, kilichotengenezwa kwa rubidiamu, metali ya jamii moja na potasiamu, hunasa hewa ya ukaa kwa nguvu na baadaye huiachia. Waliweka rangi ya kupimia asidi ndani ya fuwele: zikiwa tupu ni njano, zikijaa hewa ya ukaa zinakuwa nyekundu. Salma, mimi nimefundisha kubadilika kwa rangi za viashiria miaka yote hii, lakini kuona jambo hilo likitokea ndani ya fuwele ya sukari kulinifurahisha kupita kiasi.

Na kuachia ni muhimu kama kunasa. Njia ya zamani ya kuondoa hewa ya ukaa kwenye moshi wa viwanda ni kuupitisha kwenye maji yenye amini, kemikali za jamii ya amonia. Amini inashika vizuri, ila kuiachisha lazima upashe moto maji yote yale, na gharama ya moto huo ndiyo inayowakimbiza wenye viwanda. Anayejua kupima nguvu ya mshiko, usilegee mno wala usikaze mno, ndiye anayehitajika. Huko ni kwa watu wa supramolekuli.

Sitakuficha udhaifu wake. Fuwele za sukari huyeyuka kwenye maji, na moshi wa kiwandani una unyevu. Hazitawekwa kesho kwenye bomba la moshi. Wengine wameziba pengo hilo: George Shimizu wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake walitangaza mwaka 2021 kiunzi cha zinki kinachonasa hewa ya ukaa hata penye unyevu kiasi, na kimejaribiwa kwenye moshi halisi wa kiwanda cha saruji. Wewe na mimi tumekulia mji wa saruji. Jiwe la chokaa likichomwa hutoa hewa ya ukaa lenyewe, hata moto uwe wa umeme wa jua. Kwa hiyo saruji itahitaji watu hawa, kwetu pia.

Stoddart alifariki Desemba 2024, akiwa amelea mamia ya watafiti. Mwaka 2025 Nobel ya Kemia ikaenda kwa waasisi wa viunzi hivi: Richard Robson, Susumu Kitagawa na Omar Yaghi. Yaghi ndiye aliyeshirikiana na Stoddart kwenye ile kazi ya sukari.

Kwa hiyo usimuulize binti atapata kazi gani. Muulize nani atamsimamia, na kama maabara anakotaka kwenda ina mashine ya eksirei ya kusomea fuwele, au angalau njia ya kuzipeleka zikasomwe kwingine. Bila hiyo atahangaika bure, na hapo nitakuwa upande wako. Mwambie aniandikie mwenyewe, anitumie na andiko lake la utafiti nilisome kabla hajaliwasilisha.

Nisalimie Bibi na wote hapo.

Wako,
Zuhura