Tanini ya nguruwe haipimwi kwa kiganja

Mhariri,

Mfugaji anayetwanga magome ya miwati na kuyanyunyiza kwenye chakula ili watoto wa nguruwe wasiharishe baada ya kuachishwa kunyonya hajakosea kabisa. Tanini, ile kemikali chungu ya mimea iliyomo humo, hushikana na protini, hukaza ukuta wa utumbo na kudhoofisha baadhi ya bakteria wa kuharisha, wakiwemo E. koli. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, na baadaye dawa ya zinki oksaidi ya kuzuia kuharisha mwaka 2022, tanini ya miti kama chestnut ilizidi kutafutwa.

Tatizo ni kipimo. Gome la mti mmoja halilingani na la mwingine, hivyo kiganja kimoja hakikuambii chochote. Tumia unga wa tanini uliokamuliwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, ukiwa na kiwango cha tanini kwenye lebo. Unga wa viwanda vya ngozi usiuguse. Huenda umetiwa salfaiti, kemikali ya kiwandani.

Anza na gramu 100 kwa kila kilo 100 za chakula. Usivuke 200 bila mtaalamu. Kiasi hicho kidogo ukikimwaga moja kwa moja kwenye rundo, nguruwe mmoja atakula chote na wenzake wakose. Kichanganye kwanza na kilo 2 za pumba, halafu kilo 10, ndipo uingize kwenye rundo zima na kuligeuza mpaka rangi ifanane. Ukizidisha, tanini ileile inayoshika bakteria itashika protini ya soya na dagaa uliyoinunua kwa bei kubwa: nguruwe watasusa chakula kwa uchungu wake, kinyesi kitakuwa kikavu na cheusi, na uzito hautapanda.

Kabla ya hayo yote, angalia mtama wako. Mtama wenye tanini, ule ambao hata kwelea huuacha mpaka wakose kingine, tayari umebeba ya kutosha. Rangi nyekundu peke yake si ushahidi, kwani tanini hukaa kwenye tabaka lililo chini ya ganda. Loweka punje chache kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe iliyotiwa magadi makali ya kutengenezea sabuni, ukivaa glovu: zenye tanini hugeuka nyeusi kabisa, nyingine hupauka. Zikiwa nyeusi, usiongeze kitu.

Tanini hushika pia madini ya chuma, kwa hiyo usiichanganye na chuma cha kunywesha. Sindano ya chuma ya miligramu 200 siku ya tatu baada ya kuzaliwa ibaki palepale. Na mtoto anayeharisha damu, au aliyelala asiyetaka kunyonya, apelekewe daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Wataalamu wa lishe ya mifugo,
Njombe