Mhariri, hatuhitaji bwana shauri mwingine wa kutushikia hela

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu wa Nyakato, yule ambaye barua yake mliitoa wiki iliyopita akasema vyama vya ushirika na halmashauri zimeshindikana, dawa ni kuleta mzungu ashike funguo za kasiki, eti enzi za mkoloni hela ilikuwa haipotei. Mi nauza nyavu pale Kirumba hapa Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, hiyo barua tuliisoma kwa sauti kijiweni mpaka kahawa ikapoa na nusu ya watu wakampigia makofi. Hasira yake naielewa kabisa. Ila hiyo dawa ilishanywewa zamani na watu wengine, na jina lao mnalijua kwa sababu lipo kwenye benki, Baroda.

Baroda ilikuwa nchi ya mfalme kule Gujarati, pande hizohizo walikotoka wazee wa wenye maduka wengi wa mtaa wetu wa Makoroboi. Mfalme wao walimwita Gaekwad. Mwingereza hakuitawala moja kwa moja, alimweka Residenti, tuseme bwana shauri (yule mzungu mkuu wa wilaya enzi za mkoloni) wa daraja la juu, anakaa hapohapo mjini kwa mfalme, kazi yake kuangalia na kuandika barua kwa wakubwa. Mwaka 1870 akaingia Malhar Rao, na huyu siji kumtetea hata kidogo. Kabla ya kukalia kiti alikuwa kafungwa na kaka yake mwenyewe kwa kesi ya njama, sasa alipotoka akalipiza, watu wa kaka yake wakanyang'anywa mali, wakulima wakabanwa kodi, wanawake wakawa wanachukuliwa kwa nguvu kupelekwa ikulu, na hela inavyozidi kuliwa yeye kaagiza atengenezewe mizinga ya vita ya dhahabu. Dhahabu jamani, mzinga! Waulizeni vijana wetu wanaoshinda mashimoni Geita gramu moja inatoka vipi.

Mwaka 1873 Mwingereza akaunda tume chini ya kanali Meade, ikachunguza ikakuta malalamiko mengi ni ya kweli, mfalme akaambiwa ajirekebishe, akapewa muda mpaka Desemba 1875. Mpaka hapo mi sina ugomvi. Tena Malhar Rao akafanya jambo la maana, akamweka Dadabhai Naoroji kuwa Dewan, yaani waziri mkuu (neno ni hilohilo la diwani wetu wa kata, posho ndo tofauti). Dadabhai huyu ndiye aliyekuja kuchaguliwa mbunge London kwenyewe mwaka 1892, na ndiye aliyekaa akapiga hesabu ya jinsi mali ya India inavyohamishiwa Uingereza. Mtu wa namba hasa. Sasa nani alimpinga? Residenti, kanali Phayre. Yaani mfalme analaumiwa hana mtu wa kueleweka kwenye hesabu, akimpata, msimamizi ananuna. Nilivyofika hapo nilicheka peke yangu dukani mteja akadhani namcheka yeye.

Tarehe 2 Novemba 1874 mfalme akamwandikia mkuu wa Waingereza wote kule India, Lord Northbrook, kwamba huyu Phayre nitolee. Siku saba baadaye Phayre anarudi matembezi yake ya asubuhi, anakuta glasi ya juisi ya balungi inamsubiri kama kila siku, anapiga mafunda mawili matatu, tumbo linachafuka, anaimwaga, kuangalia chini ya glasi anaona mashapo meusi. Wakasema ni sumu ya aseniki na unga wa almasi.

Januari 1875 mfalme akakamatwa, eti ndiye aliyeagiza hiyo sumu. Kesi ikasikilizwa na watu 6, Waingereza 3 na Wahindi 3, humo yumo maharaja wa Gwalior na wa Jaipur, na wakili wa utetezi akatolewa Uingereza kwa hela ndefu. Waingereza wote watatu wakasema alihusika, Wahindi wote watatu wakakataa kwamba imethibitika. Tatu kwa tatu. Sisi watu wa mpira tunajua droo ni droo, lakini Aprili wakamtoa hivyohivyo ila shtaka likabadilika, tangazo likasema hatolewi kwa sumu, anatolewa kwa utawala mbovu na kwa kuwa hawezi kujirekebisha. Wakati muda wa kujirekebisha walimpa wenyewe na ulikuwa bado haujaisha! Akapelekwa Madras, akafia huko 1882.

Ndugu yangu wa Nyakato, hapo ndo nataka unisikilize. Mkulima aliyebanwa kodi alilia miaka, akaundiwa tume na mtesi wake akaongezewa muda, lakini lilivyochafuka tumbo la Residenti mambo yakaisha ndani ya miezi mitano.

Najua utasema mbona baadaye Baroda ilinyooka. Ilinyooka kweli. Mjane wa yule kaka aliyemtangulia Malhar Rao, Jamnabai, akaasili mtoto wa miaka 12 kutoka kijiji cha Kavlana, ndo Sayajirao wa Tatu, na Udewan akashika T. Madhava Rao, Mhindi, mzoefu wa kazi hiyo kwenye nchi nyingine za wafalme, huyu ndo aliyesafisha vitabu. Mtoto alivyokua akafanya elimu ya msingi kuwa lazima na bure nchi yake nzima mwaka 1906, huku kwetu wakati huo Mjerumani bado anapigana na Majimaji, na mwaka 1908 akaanzisha hiyo benki. Sasa mfalme wa namna hiyo si ungetegemea msimamizi ampe mkono? Mwaka 1911 kule Delhi, kwenye sherehe ya Mfalme George wa Tano, akainama mara moja tu halafu akageuka akaondoka amempa mgongo, magazeti ya Waingereza yakachachamaa mpaka akaomba radhi. Shule zote zile, kesi ikawa kuinama.

Na mi siongei ya kusoma tu. Kikundi chetu cha wavuvi, mwalo siutaji, mweka hazina alikula hela ya injini, tukalalamika, mfadhili mmoja akatuletea msimamizi mwenye sahihi ya mwisho. Anakuja Alhamisi. Nyavu zikichanika Jumamosi unasubiri Alhamisi, mafuta ya gari lake yanatoka kwenye mfuko wetu, na ukimuuliza salio anasema ripoti imeshatumwa, imetumwa wapi na sisi tupo hapa? Hela haikuibiwa, nakubali, ila na kazi haikufanya. Mradi ulivyoisha akaondoka na mhuri wetu kwenye begi, tukachonga mwingine kwa elfu kumi na tano.

Hata wazee wetu wa pamba, miaka ya 50 mwanzoni walivyoona wanapunjwa kilo na wanunuzi hawakumfuata bwana shauri awasaidie, kina Paul Bomani wa ushirika wa pamba waliweka watu wao wenyewe kwenye mizani.

Sisi saa hizi kaunta buku yetu imefungwa kamba, inaning'inia kwenye msumari kwa mama anayeuza uji hapohapo mwaloni, kila jioni mmoja anasoma kwa sauti kilichoingia na kilichotoka. Juzi mzee mmoja ambaye hata kusoma hajui alimsimamisha mweka hazina kwa elfu nne ya koleo, akasema hiyo koleo ipo wapi tuione. Ikabidi ifuatwe nyumbani kwake. Msomaji wa Nyakato karibu sana, tunaanza saa kumi na mbili kasoro, uji mi nitalipa.

Muuza nyavu,
Kirumba, Mwanza