Msiiwekee trekta sigiri chini ya tumbo

Ndugu Mhariri,

Mwezi wa pili na wa tatu, huku Sebei, mashariki mwa Uganda, kila mwenye trekta hutafutwa. Mashamba ya mahindi ya Kapchorwa, Kween na Bukwo yanapaswa kulimwa kabla mvua haijashika, na mwenye mashine anataka awe shambani saa moja asubuhi. Saa hiyo hiyo ndipo injini ndogo ya dizeli, iliyolala nje kwenye baridi ya Mlima Elgon, inapogoma. Basi mtu analeta sigiri ya makaa, anaisukuma chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kukaa akingoja. Mwingine analoweka kitambaa kwa petroli na kukishika mdomoni mwa ea klina, yaani chujio la hewa. Tunaomba nafasi gazetini mwako tuseme wazi: njia hizi mbili zinaharibu injini, na zinaweza kuua mtu. Joto linalohitajika ni dogo, na lina mahali pake.

Injini ya dizeli haina cheche. Dizeli hushika moto kwa sababu pistoni imeibana hewa ghafla mpaka ikawa ya moto sana. Sasa chukua injini inayobana hewa mara 18. Kwa hesabu ya hewa peke yake, kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopungua kwenye hewa inayoingia hupunguza zaidi ya nyuzi mbili pale juu ya pistoni. Asubuhi ya nyuzi 10 ikilinganishwa na mchana wa nyuzi 30, umepoteza karibu nyuzi 50, na hapo chuma baridi cha silinda bado hakijanyonya fungu lake. Tena tuko juu. Kapchorwa ipo karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ina mgandamizo pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa. Dizeli ikipulizwa kwenye hewa nyepesi hukawia kushika. Ndiyo maana trekta iliyokuwa ikiwaka vizuri Soroti, huko chini tambarare, huanza ukaidi ikipandishwa huku, na mwenyewe huapa kwamba aliuziwa mashine mbovu.

Kabla ya kupasha chochote, mwambie mtu azungushe stata, ile mota ya kuwashia, nawe utazame bomba la moshi. Moshi mweupe ukitoka, wenye harufu kali ya dizeli mbichi, ujue mafuta yanafika lakini hayaungui: kinachokosekana ni joto au mgandamizo. Kama hakutoki moshi wowote, mafuta hayafiki, na hata ukichemsha injini nzima hutapata kitu. Fungua kikombe cha chini ya filta utoe maji na uchafu, kisha toa hewa kwenye laini. Maji hayo mara nyingi hutokana na tangi kulazwa likiwa nusu tupu, kwa sababu unyevu wa hewa hugeuka matone usiku kwenye ukuta wa tangi. Jaza tangi jioni.

Moshi mweupe ukiwapo, nenda kwenye plagi za hita, zile ambazo wauza spea huziita glo plagi. Matrekta mengi madogo ya silinda tatu yana chumba kidogo pembeni mwa silinda ambamo dizeli hupulizwa kwanza, na chumba hicho hupoteza joto haraka, kwa hiyo bila plagi hizo asubuhi ya baridi haiwaki. Injini zinazopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kama Perkins ya silinda tatu iliyomo kwenye Massey Ferguson 135, hazina plagi silindani. Zenyewe huwa na kifaa kimoja kwenye manifodi ya kuingizia hewa, ambacho huchoma dizeli kidogo na kuipasha hewa inayopita. Mwenye mashine ya namna hii ahakikishe bomba jembamba la kukiletea mafuta halijaziba wala halijakatwa na fundi aliyeona halina kazi.

Kupima plagi hakuhitaji karakana. Ondoa kile kipande cha bati kinachoziunganisha zote, kisha weka mita ya kupimia umeme kwenye upande wa omu (ukinzani), ncha moja kichwani mwa plagi na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Plagi nzima ya volti 12 husoma kati ya nusu omu na omu 2. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika. Asiye na mita achukue balbu ya kupimia, aifunge kwenye chanya cha betri na kuigusisha kichwani mwa plagi: ikiwaka, waya wa ndani haujakatika, isipowaka, plagi imekufa. Plagi moja ikifa kati ya tatu, injini huwaka ikitetemeka na kukohoa moshi mweupe dakika nzima mpaka silinda ile ipate moto. Zikifa mbili, utamaliza betri bure.

Ukitaka kuona kwa macho, ichomoe na kuijaribu nje kwa nyaya za betri, ukiwa umeibana kwa koleo wala si kwa mkono, na mbali na betri yenyewe na dizeli. Plagi nzuri huanza kuwa nyekundu nchani, na wekundu hupanda kuelekea juu. Iliyoanza kuwekunduka katikati huku ncha ikiwa nyeusi imekwisha, hata kama mita inaisifu. Kuichomoa nako kuna adabu yake. Nyuzi zake za skrubu ni nyembamba na masizi huigandisha, hivyo ifungue injini ikiwa na uvuguvugu, baada ya kuipaka mafuta ya kulainisha kutu. Ikikatikia ndani, utavua silinda hedi nzima, yaani kichwa cha silinda. Kurudisha, izungushe kwa vidole mpaka ikae, kisha spana ikaze kidogo tu. Na usome maandishi kwenye mwili wake unaponunua nyingine, maana zipo za volti pungufu zinazofanana nayo kwa umbo, ambazo zikipewa 12 huungua siku hiyo hiyo.

Plagi zikiwa nzima na bado hazipashi, pima volti kwenye kile kipande cha bati wakati swichi iko kwenye hita. Zisipofika 11, umeme unapotea njiani: kwenye swichi, kwenye relei (swichi inayoendeshwa na umeme), kwenye kichwa cha waya chenye kutu. Hapa kuna kosa ambalo tungependa kila fundi aliache. Swichi ikiharibika, hufungwa kitufe cha kengele ya mlango na waya mwembamba wa taa. Plagi tatu hula amperi 30 hivi. Waya ule huwa moto wenyewe badala ya kuzipasha plagi, na siku moja ngozi yake huyeyuka. Tumia waya wa milimita mraba 6 usiopungua, relei na fyuzi. Muda wa kupasha ufuate kitabu cha mashine. Kwa baridi yetu, sekunde 5 hadi 10 zinatosha kwa plagi za kisasa, na za zamani 15 hadi 20. Kushikilia dakika nzima hakuongezi kitu ila kuzichoma.

Betri nayo ipimwe asubuhi ile ile kabla ya kugusa swichi. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu. Stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, betri imechoka au vichwa vyake vina ule ungaunga mweupe au wa kijani, ambao huoshwa kwa maji ya moto yenye soda ya kuokea, kisha vikaushwe na kupakwa grisi. Angalia pia waya wa athi (wa hasi ya betri) pale unapofungwa kwenye chasi: rangi na kutu hapo vimewanunulisha watu betri mpya wasiyoihitaji. Kisha kanyaga klachi mpaka chini unapowasha. Wengi hawajui kwamba bila klachi stata huzungusha pia gia zilizozama katika oili nzito ya baridi. Zungusha sekunde 10, pumzisha nusu dakika au zaidi, ndipo urudie.

Oili ni sehemu ya jambo hili. Waliozoea SAE 40 tupu kwa sababu ni rahisi na inapatikana kila duka, wajue kwamba asubuhi huku juu huwa nzito kama asali. Oili ya 15W-40 hutembea mapema na mchana bado hulinda. Huko kubadili oili kunafanya kazi ambayo mtu alidhani sigiri itaifanya.

Na sasa sigiri. Tukubali kwamba oili yenye joto hurahisisha stata, hapo hawajakosea. Lakini makaa yaliyokolea hupita nyuzi 600, na bati la sampu halina unene wa kuzituliza. Oili inayogusa chini hukaangika na kugeuka masizi yanayoziba chujio la pampu ya oili, wakati ile ya juu bado ni baridi. Gasketi hukauka, nyaya hulainika. Na matrekta haya hayakosi tone la dizeli linaloning’inia mahali fulani. Mwenye kuifunga mashine ndani ya stoo na sigiri yake, mlango umesindikwa, anajaza chumba gesi ya makaa isiyo na harufu, na gesi hiyo huua kimya. Tena joto lote hilo linakwenda kwenye oili, na kichwa cha silinda, ambako dizeli inakataa kushika, kinabaki baridi.

Kama plagi na betri ni nzima na bado mashine ni ngumu, pasha maji. Injini ndogo hubeba lita chache tu, 3 hadi 6 kwa nyingi. Fungua koki ya rejeta na ya bloku utoe maji baridi. Pasha mengine jikoni mpaka vipovu vidogo vianze kupanda kutoka chini ya sufuria, yaani nyuzi 70 hadi 80, usiyaache yachemke. Funga koki, mimina nusu polepole kwenye rejeta, ngoja dakika mbili au tatu chuma kizoee, ndipo umalizie. Kumimina kwa pupa kuna madhara mawili: chuma cha hedi kinaweza kupasuka, na hewa hufungiwa ndani kwa kuwa thamostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto, bado imefunga, ukadhani imejaa kumbe bado. Ngoja dakika 5 kisha uwashe. Mwenye kutumia ile dawa ya rangi ya rejeta (kulanti) badala ya maji asiipashe kwa sufuria ya chakula kamwe, maana ni sumu. Yeye afunike manifodi ya hewa kwa matambara yaliyolowekwa maji ya moto, ayabadilishe mara mbili. Usimimine maji ya moto juu ya pampu ya dizeli. Vyuma vyake vya ndani vimekaa kwa nafasi finyu mno, na kimoja kikitanuka kabla ya mwenzake hukwama.

Zile trekta ndogo za kuongozwa kwa mkono, za silinda moja yenye hopa ya maji, ni rahisi zaidi. Acha koki wazi, mimina maji ya moto mpaka yanayotoka chini yawe na uvuguvugu, funga, jaza. Tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye njia ya hewa, kisizidi hapo, ili kizibe mianya ya ringi za pistoni. Nyingi ikiingia huweza kupinda rodi au kuifanya injini ijiendeshe bila kuzimika. Shikilia mkono wa kuachia mgandamizo, zungusha hendeli mpaka usikie nozo ikitoa ule mlio wake wa krr, krr, ongeza kasi, achia. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu hendeli ikirudi nyuma huvunja kile kilichozunguka upande wa pili.

Kuhusu petroli na ile dawa ya kuwashia (itha) inayopulizwa kwenye njia ya hewa. Kwenye injini yenye plagi za hita, mvuke wake hukutana na chuma chekundu kabla ya wakati, na mlipuko hutokea pistoni ikiwa bado inapanda. Ringi huvunjika. Husemwa kwamba trekta "imezoea dawa". Ukweli ni kwamba dawa imeshakula ringi, mgandamizo umeshuka, na sasa haiwaki bila kupigwa tena.

Penye umeme wa kuaminika ipo hita ndogo ya kufungwa kwenye bloku, ya wati 400 hadi 600, inayowashwa saa moja au mbili kabla ya kazi, kama wafanyavyo nchi za theluji. Kwa sola ya nyumbani usijaribu: wati 500 kwa saa mbili ni zaidi ya amperi 80 kwa saa kutoka kwenye betri ya volti 12, na utaikausha.

Ikishawaka, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Iache kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika, kwa muda wa dakika 3 hadi 5, kisha itembee taratibu mpaka shambani bila kuzamisha plau. Kuiacha ikiunguruma nusu saa hakuifai, maana dizeli isiyoungua huosha oili ukutani mwa silinda.

Jioni iegeshe penye tambarare, turubai juu ya boneti. Wale wanaoilaza mteremkoni ili asubuhi iteleze na kuwaka, waangalie kwanza kilichoko chini ya mteremko huo. Huku kwetu mara nyingi ni nyumba ya mtu.

Makanika wa mashine za kilimo,
Kapchorwa