Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Mwenye Mzigo Yuko Wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kisauni, Mombasa. Kila asubuhi mpwa wangu hutoka hapa nyumbani kwenda kliniki ya serikali kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia aachane na heroini, mbele ya muuguzi. Huu ni mwaka wa tatu. Kabla ya hapo alikuwa kwenye unga, yaani heroini, miaka tisa, na katika miaka hiyo alishikwa mara nne, kila mara na kete moja au mbili, vipakiti vidogo vya unga, za kutumia mwenyewe. Aliyekuwa akimuuzia naye alishikwa mara moja. Wiki haikuisha, pale pale maskani, kijiweni wanapokutana watumiaji, palikuwa na muuzaji mwengine, na bei ni ile ile.

Hiyo bei ndiyo iliyonifanya niandike. Mimi ni mwenye duka. Mchele ukikwama bandarini, naujua kwa bei kabla sijasikia habari. Lakini operesheni ikija Kisauni, vijana hujazwa kwenye gari la polisi, mama zao hukimbilia kituoni na pesa za kukopa, na kete haipandi hata shilingi. Maana yake mzigo haujaguswa.

Unga haulimwi kwetu. Hutoka Afghanistan, ukafika pwani ya Makran huko Iran na Pakistan, ukapakiwa majahazini kuja upande huu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja katika bahari iliyo mkabala na Kenya. Agosti mwaka huo huo, meli iliyokamatwa na heroini ikalipuliwa baharini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Tulifurahi, sisi wenye watoto maskani tulifurahi kuliko wote. Ila meli si mtu. Haitajwi mahakamani iliagizwa na nani.

Novemba 2014 ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa hapa Mombasa kwa ombi la Marekani, kwa tuhuma za ulanguzi wa mihadarati. Kesi ya kuwapeleka huko ilizungushwa katika mahakama zetu zaidi ya miaka miwili, hadi waliposafirishwa Januari 2017. Oktoba 2018 wakakiri makosa New York. Baktash alifungwa miaka 25, Ibrahim 23. Na waendesha mashtaka wa kule walisema wazi kwamba ndugu hao walikuwa wakihonga maafisa wa Kenya, wakiwemo majaji, waendesha mashtaka na polisi.

Mheshimiwa, mtoa hongo yuko jela ya Marekani. Waliopokea wako wapi? Wangapi wamefunguliwa mashtaka Kenya? Nauliza kwa uchungu, kwa sababu mpwa wangu mwenye kete mbili alipata hukumu ndani ya wiki mbili.

Sheria mnayo. Ya mwaka 2009 kuhusu mali ya uhalifu na utakatishaji wa pesa inaliruhusu shirika la serikali kwenda Mahakama Kuu kufungia akaunti, nyumba na magari, kisha kuyatwaa. Ile ya mihadarati nayo mlirekebisha mwaka 2022, adhabu za walanguzi zikaongezwa. Hata hivyo, Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya nchi zenye udhaifu katika kuzuia pesa chafu. Pesa za unga hazifukiwi mchangani. Huwa ghorofa, huwa malori, na wakati wa kampeni huwa michango, na sisi majirani tunaziona.

Basi siku mtakapopanga tena pakiti mezani mbele ya kamera, tuambieni na hili: mzigo ulikuwa wa nani, akaunti gani zimefungiwa, na kesi iko mahakama ipi. Tutakuja kuketi humo tusikilize.

Jambo la pili ni dogo kwako, kwangu ni kubwa. Mwezi uliopita mpwa wangu alirudi bila kunywa dozi. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa karibu na lango la kliniki, na wenziwe wawili walishikwa wakiwa na kadi zao za matibabu mkononi. Usiku ule arosto, maumivu ya kukosa dozi, ilimtesa, nikakaa mlangoni hadi alfajiri nikiogopa atatoka kwenda maskani. Hakutoka, alhamdulillahi. Waagize maafisa wako waiache njia ya kliniki.

Kesho saa kumi na mbili atatoka tena. Naomba agizo hilo limfikie mkuu wa kituo kabla yake.

Wako mwaminifu,
Mkaazi wa Kisauni, Mombasa